Kaka yangu alikuwa askari wa Marekani: je, anastahili heshima za kijeshi katika mazishi yake?

Dada wa Marehemu (Minnesota) aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote na ninaomba ushauri wenu katika kipindi hiki kigumu. Kaka yangu, kifungua mimba wa mama yetu, amefariki hapa Minnesota baada ya kuugua. Alijiunga na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani miaka michache baada ya kuhamia nchini humu, akautimiza mkataba wake, ikiwemo zamu moja Afghanistan, kisha akaachishwa kwa heshima na kurejea katika maisha ya kiraia. Hakufia vitani, wala hakukaa jeshini kwa miaka 20 inayompa askari pensheni. Ameacha mke na watoto wawili wadogo, na mama yetu yuko Kisii.

Kikao cha familia kimegawanyika. Wazee nyumbani wanasema kwamba heshima za kijeshi ni za majenerali na za waliouawa vitani, na kwamba tukiziomba tutaonekana tunamtafutia marehemu cheo ambacho hakuwa nacho. Wifi yangu anasema mumewe aliwahi kumweleza kuwa angependa bendera iwekwe juu ya jeneza lake. Mimi ninasimama na wifi yangu, lakini sijui pa kuanzia, na kampuni ya mazishi tuliyoiendea haikutugusia jambo hilo hata kidogo.

Naomba kujua kama askari wa kawaida kama kaka yangu anastahili, nani hupeleka ombi, na gharama humwangukia nani. Mama anataka mwanawe azikwe nyumbani. Je, heshima hizo zinaweza kutolewa hapa kabla mwili haujasafirishwa? Na bendera hukabidhiwa nani, mke au mama? Swali hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu sitaki bendera moja iwatenganishe watu wawili waliompenda kwa dhati.

Askari wa Zamani (Texas) alijibu:

Pole sana dada, wewe, wifi yako, watoto na mama. Nilitumikia katika Walinzi wa Taifa (National Guard), yaani askari wa akiba wa majimbo, na kwa muda nilikuwa katika kikosi cha heshima kinachokwenda mazishini, kwa hiyo haya ninayoyaandika ni mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu.

Kaka yako anastahili, na anastahili kwa mujibu wa sheria. Sheria hiyo ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1999 na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, wakati ambapo askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikuwa wakifariki kwa wingi kila siku huku jeshi lenyewe likiwa limepunguzwa, hata familia nyingi zikawa zinazika watu wao bila askari hata mmoja kufika. Tangu hapo, Wizara ya Ulinzi inawajibika kutoa heshima kwa kila askari wa zamani anayestahili pale familia yake inapoomba. Sheria haiulizi kama alikuwa jenerali au kuruta, wala kama alikufa kwa risasi au kwa maradhi. Inachouliza ni namna alivyoachishwa: asiwe amefukuzwa kwa fedheha. Wapo wachache wanaozuiwa kwa makosa mazito sana, kama vile waliohukumiwa kifo au kifungo cha maisha bila nafasi ya msamaha, lakini hilo halimhusu kaka yako. Hata askari wa akiba aliyemaliza mkataba wake wa kwanza anastahili. Kwa hiyo waambie wazee, kwa adabu zote, kwamba hammtafutii marehemu cheo. Mnadai kilicho chake.

Kiwango cha chini kilichowekwa na sheria ni askari wawili waliovaa sare rasmi, na angalau mmoja wao lazima atoke katika tawi alilotumikia marehemu. Askari hao wataikunja bendera, wataikabidhi kwa familia, na wimbo wa tarumbeta uitwao Taps utapigwa. Wimbo huo ni mfupi mno, una noti 24 tu, na umekuwepo tangu mwaka 1862, Jenerali Daniel Butterfield alipoutengeneza pamoja na mpiga tarumbeta wake katika kambi huko Virginia wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mwanzoni ulikuwa ishara ya kuzima taa na kulala, na katika vita vilevile ukaanza kupigwa makaburini. Ninakudokeza mapema kwamba wapiga tarumbeta halisi ni wachache. Mara nyingi utamwona askari ameshika tarumbeta yenye kifaa cha kielektroniki ndani yake kinachotoa wimbo uliorekodiwa, utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2003. Kama familia inamfahamu mpigaji, mwambieni msimamizi wa mazishi mapema ili awasiliane na kikosi.

Risasi zinazopigwa hewani mara tatu ni nyongeza. Sheria hailazimishi, na hutegemea watu waliopo. Wengi huziita mizinga 21, lakini hilo ni jambo jingine kabisa, kwani mizinga 21 hupigiwa marais na wakuu wa nchi. Aliyestaafu kwa pensheni, au aliyefariki akiwa bado kazini, hupewa kikosi kikubwa zaidi chenye wabeba jeneza na wapiga risasi. Kwa askari wa zamani kama kaka yako, tarajieni watu wawili, na mkipata zaidi mshukuruni Mungu. Msiione kuwa heshima pungufu. Bendera ya jeneza ni kubwa, futi 5 kwa futi 9 na nusu, na watu wawili wanaoikunja polepole mikunjo 13 hadi ibaki pembetatu ya buluu yenye nyota, bila kona kuchomoza wala utepe mwekundu kuonekana, wamefanya mazoezi mengi kwa ajili ya dakika hizo chache.

Baada ya hapo mmoja hupiga goti au huinama mbele ya mfiwa na kumwambia, kwa Kiingereza, maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: kwa niaba ya Rais wa Marekani, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani na taifa lenye shukrani, tafadhali pokea bendera hii kama ishara ya kuthamini utumishi wa mpendwa wako, utumishi wa heshima na uaminifu. Mfasirieni mama maneno hayo mapema, ili asikie kinachosemwa juu ya mwanawe.

Kuhusu maombi: mpeleka ombi kwa kawaida ni kampuni ya mazishi, lakini familia ndiyo inayopaswa kusema kwamba inataka. Hapo ndipo wengi hukosa haki yao, kwa sababu msimamizi akimwona mfiwa ni mgeni mwenye lafudhi ya Kiafrika haimjii akilini kuuliza kama marehemu alikuwa askari. Msisubiri kuulizwa. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumepita jeshini hapa, baadhi kupitia mpango wa 2009 hadi 2016 uliowasajili wahamiaji kwa sababu ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha hizo. Peni na karatasi mikononi, tamkeni: alikuwa askari, na tunaomba heshima za kijeshi. Vikosi kwa kawaida huomba taarifa ya saa 48. Familia hailipi chochote kwa heshima zenyewe.

Mjane wa Sajenti (Minneapolis) alijibu:

Dada yangu, pole. Nilimzika mume wangu katika makaburi ya kitaifa ya Fort Snelling, hapo karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo nitasema machache ambayo huenda ndugu wa Texas ameyaacha.

Kitu cha kwanza ni fomu ya DD-214, ile karatasi anayopewa askari anapoondoka jeshini, inayoonyesha tarehe za utumishi wake na namna alivyoachishwa. Bila karatasi hiyo kila kitu husimama. Mwambie wifi yako atafute katika mafaili ya nyumba, benki, ushuru wa mapato, na maombi ya mkopo wa nyumba kama waliwahi kutumia ule wa VA, yaani Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani. Kama haipo, kampuni ya mazishi inaweza kuiomba kwa dharura kutoka hifadhi ya kumbukumbu za watumishi huko St. Louis, na maombi ya mazishi hutangulizwa mbele ya mengine. Kwa askari wa miaka hii hakuna shida kubwa. Walioteseka ni familia za wazee wa zamani, kwa sababu moto wa Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 katika hifadhi hiyo, mengi yakiwa ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960.

Bendera nayo ina fomu yake. Hutolewa bure na VA, na hupatikana kupitia kampuni ya mazishi au katika ofisi nyingi za posta. Ni moja tu kwa kila marehemu, na ikipotea idara haitoi nyingine.

Nakusihi pia mfikirie Fort Snelling kwa utulivu kabla ya kuamua kumsafirisha. Najua uzito wa kumrudisha mtoto katika ardhi ya baba yake, na sitamwambia mama yako alie mbali na kaburi. Lakini wifi yako na watoto wanaishi hapa. Katika makaburi ya kitaifa hamlipii kaburi, wala uchimbaji, wala jiwe, wala utunzaji wa miaka yote ijayo. Mtalipia jeneza na kampuni ya mazishi tu. Na wifi yako atakapoitwa naye, atazikwa pamoja na mumewe na jina lake litaandikwa kwenye jiwe hilohilo. Kwangu mimi hilo lilikuwa faraja kuliko bendera.

Mkichagua huko, jiandaeni kwa mambo mawili ambayo yanaweza kuwashangaza wazee wetu. Ibada haifanyiki kando ya kaburi bali katika kibanda maalumu, na huchukua kama dakika 20, kwa kuwa familia nyingine inasubiri. Mahubiri marefu, nyimbo za kwaya na risala za ukoo zifanyeni kanisani kabla. Pia kwa kawaida hawaziki mwishoni mwa juma, na kama ninyi ni Waadventista, kama familia nyingi za Kisii, hilo halitawakwaza. Fort Snelling ina neema ya pekee: tangu mwaka 1979 kuna kikosi cha bunduki cha watu wa kujitolea, wengi wao wazee waliokuwa askari, wanaojipanga siku za kazi kwenye theluji na kwenye jua ili kila askari anayezikwa pale apigiwe risasi zake. Siku ya mume wangu walisimama kwenye baridi ya Januari wanaume wenye mvi ambao hawakumjua hata kwa jina, na walipomaliza mmoja aliniletea maganda ya risasi akayaweka kwenye kiganja cha mwanangu. Sijawahi kuwashukuru vya kutosha.

Mwana wa Mombasa (Ohio) alijibu:

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Poleni sana. Familia yenu ni ya Kikristo, lakini naandika kwa ajili ya Waislamu watakaosoma hapa baadaye, maana swali hili hutufika na sisi, tena kwa haraka zaidi kwa sababu hatucheleweshi maiti.

Heshima hizi ni mafungu yanayoweza kutenganishwa. Familia inaweza kukubali bendera na ikakataa risasi, au ikaomba tarumbeta isipigwe, na kikosi kitafuata matakwa yake bila kununa. Tulipomzika mzee mmoja wa jamaa zetu aliyekuwa mwanamaji, tuliswali janaza kwanza kwa utulivu, tukamaliza dua, ndipo askari wakakunja bendera na kumkabidhi bintiye. Hakuna kilichoingiliana. Jiwe la kaburi linalotolewa na serikali linaweza kuchongwa alama ya imani ya marehemu, na hilali na nyota imo katika orodha sawa na msalaba. Kuna pia maelezo ya kidini ambayo baadhi ya watu huyasoma bendera inapokunjwa, kila mkunjo ukipewa maana yake. Maelezo hayo si sehemu rasmi ya heshima za kijeshi, kwa hiyo familia ya dini yoyote ina haki ya kuomba yasisomwe. Jambo la muda ndilo gumu: zile saa 48 zinaweza kuwa nyingi kwetu, basi pigeni simu siku hiyohiyo ya msiba, na kama kikosi hakitawahi, ombeni heshima hizo zitolewe baadaye katika kisomo cha kumkumbuka marehemu.

Mzee wa Kanisa (Nyamira) alijibu:

Binti yangu, nakupa pole kwa niaba ya wazee wenzangu. Nimesoma kwamba wazee wenu wanaona haya kuomba, na ningependa kuwasemesha wao kupitia kwako, kwa kuwa mimi ni wa rika lao.

Wanasema heshima ni za majenerali. Ninaelewa wazo hilo linatoka wapi. Mwezi Aprili 2024 sote tulimtazama Jenerali Francis Ogolla akizikwa Ng'iya, Siaya, baada ya ajali ya helikopta, na tulijifunza kwamba hata mkuu wa majeshi aliomba azikwe upesi, ndani ya saa 72, tena bila jeneza. Gwaride lilikuwepo kwa sababu ya cheo, lakini kilichotugusa kilikuwa unyenyekevu wake. Basi iwapo aliye juu anaweza kuzikwa kwa urahisi, kwa nini aliye chini asizikwe kwa heshima? Askari wawili na bendera moja si makuu.

Lakini sababu yangu kubwa ni ya zamani kuliko hiyo. Babu zetu walichukuliwa kwa maelfu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengine wakiwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu, na wengi zaidi wakiwa wapagazi, waliobeba risasi na unga kutoka pwani hadi Tanganyika wakafa kwa kuhara na malaria njiani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu alizikwa chini ya jiwe lenye jina. Mpagazi wa Kikisii au Kikamba aliachwa porini. Hao ni watu wa damu yetu. Leo mtoto wetu amevaa sare ya nchi nyingine, na nchi hiyo imeandika kwenye sheria zake kwamba jina lake litatajwa, bendera itakunjwa na jiwe litachongwa. Tukikataa kwa sababu ya haya, tutakuwa tumewafanyia wapwa wetu kile ambacho wakoloni waliwafanyia babu zetu. Waambie wazee wasikilize hilo kabla hawajaamua.

Kuhusu kumleta nyumbani, mimi ningependa aletwe, lakini neno la mke lina uzito na watoto wake wana haki ya kulitembelea kaburi la baba yao. Kaeni na wifi yako kwanza, kisha mpigieni mama mkiwa na sauti moja. Mkimleta, heshima zitolewe huko Minnesota, na bendera ije ikiwa imekwisha kukunjwa. Isifunuliwe tena juu ya jeneza huku kijijini, kwa maana tendo hilo limeshafanyika na wenye mamlaka ya kulifanya, na sisi huku tutamfanyia ya kwetu.

Dada wa Marehemu aliandika tena:

Nawashukuru kutoka moyoni. Nimemsomea wifi yangu majibu yote, na tumeipata DD-214 katika faili la mkopo wa nyumba, kama ilivyoelekezwa. Tumeiambia kampuni ya mazishi tunachotaka, nao wamepokea ombi. Mzee wa Nyamira, maneno yako nimeyatuma kwa baba mdogo, na kwa mara ya kwanza hakupinga. Amesema wanaume watakutana jioni. Uamuzi wa mahali pa kuzika bado, ila wifi na mimi tunaelekea Fort Snelling.

Limebaki la bendera. Ikiwa ni moja, basi mama atabaki bila kitu mikononi, naye hatapata viza kwa wakati ili afike.

Askari wa Zamani alijibu:

Kwa utaratibu, bendera ya serikali hupewa mke aliye hai kwanza, kisha watoto, kisha wazazi, kisha ndugu. Kwa hiyo itakwenda kwa wifi yako, na hapo pasiwe na ubishi. Kama kaka yako angefariki akiwa bado kazini, wazazi nao wangepewa bendera yao; kwa aliyekwisha kuachishwa haiko hivyo. Lakini hakuna linalowazuia kununua bendera ya pili ya ukubwa uleule na kumwomba msimamizi awaulize kikosi kama watakubali kuikunja siku hiyohiyo. Mimi nimeikunja ya pili mara kadhaa, na sikumbuki kiongozi wetu aliyekataa familia iliyoomba mapema. Ibebeni katika kasha la mbao lenye pembe tatu, iwe mkononi ndani ya ndege na si kwenye mzigo wa chini.

Kuna kingine ambacho watu wengi hawakijui. VA hutoa cheti cha kumbukumbu chenye sahihi ya Rais, desturi iliyoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1962, kinachotaja jina la marehemu na shukrani ya taifa kwa utumishi wake. Tofauti na bendera, cheti hiki hutolewa zaidi ya nakala moja bila malipo, na kila mmoja wa familia anaweza kuomba cha kwake kwa kuambatisha nakala ya DD-214 na cheti cha kifo. Ombeni kimoja cha mama, kimoja cha kila mtoto, na kimoja chako wewe. Tumeni nakala tu, msitume karatasi halisi, kwa sababu hawazirudishi.

Kama mwishowe mtamzika Kisii, serikali hutoa pia jiwe la kaburi kwa askari anayestahili aliyezikwa nje ya Marekani, ila kulisimika ni gharama yenu. Kwa kuwa kwetu huzikwa shambani na si katika makaburi ya umma, andikieni VA mwulize kuhusu hilo kabla hamjamwagiza fundi wa jiwe jingine. Na siku ya ibada, mpe mtu mmoja kazi ya kurekodi video tangu askari wanapoingia hadi wanapopiga saluti ya mwisho, asimame upande wa kulia wa waombolezaji ili uso wa anayekabidhi bendera uonekane, na mumwunganishe mama kwa simu ili aone moja kwa moja. Kikosi hakikatazi. Mwambieni tu msimamizi aliyeongozana nao kabla hawajaanza.